Baada ya picha yenye dawa ya kontrasti: hatua za kufuata, kuanzia dakika ya kwanza hadi wiki kadhaa

Picha ikishapigwa, mwili bado una kazi. Dawa ya kontrasti, yaani ile inayofanya viungo na mishipa vionekane wazi kwenye picha, ikishaingia kwenye mshipa lazima ichujwe na figo itoke na mkojo, na katika kipindi hicho wapo wanaopata kichefuchefu, upele, uvimbe wa mkono au maumivu ya kichwa. Mengi kati ya hayo hupita yenyewe, lakini yapo machache yasiyosubiri hata robo saa. Kinachoyatofautisha, mara nyingi kuliko ukali wa maumivu, ni wakati yalipoanza: dakika ngapi, saa ngapi au siku ngapi baada ya sindano.

Kwa hiyo andika saa uliyochomwa. Iandike kwenye karatasi au kwenye simu ukiwa bado hapo hapo, kwa sababu kila hatua inayofuata inahesabiwa kutoka hapo.

Hatua ya 1: Jua umepewa dawa gani

Neno “kontrasti” limebeba dawa za aina tatu zisizofanana. Ya kwanza ina iodini, na hutumika kwenye CT scan na picha za mishipa ya damu. Mtu mzima hupewa kati ya mililita 50 na 150 hivi, mara nyingi kwa pampu inayosukuma mililita 2 hadi 5 kila sekunde. Ya pili ina gadolini, ni ya MRI, na kiasi chake ni kidogo: mtu wa kilo 70 hupata mililita 7 au 14 kutegemea ukolezi wa dawa yenyewe. Ya tatu ni bariamu, uji mweupe unaonyweshwa au kuingizwa kwa njia ya haja kubwa ili X-ray ionyeshe koo, tumbo au utumbo. Hii haiingii kwenye damu, na ndiyo maana matatizo yake ni ya choo.

Muulize mhudumu mambo manne: jina kamili la dawa lililoandikwa kwenye chupa, kiasi ulichopewa, saa, na kama kuna dawa nyingine uliyopewa wakati wa kipimo. Swali hili la mwisho husahaulika sana, nalo hueleza dalili nyingi zinazosingiziwa kontrasti. Kwenye CT ya moyo, kwa mfano, wengi huwekewa dawa ya kutanua mishipa chini ya ulimi, na hiyo huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu kwa muda. Kwenye MRI ya tumbo huenda ukachomwa dawa ya kutuliza utumbo, inayokausha mdomo na kufanya macho yaone ukungu. Usiendeshe gari mpaka uone sawasawa, na jicho likiuma na kuwa jekundu nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana presha ya jicho inaweza kuwa imepanda. Tena, kama ulifunga kula tangu jana yake, kichwa kinaweza kuuma kwa njaa na kiu tu.

Ondoa pia hofu moja. Dawa hizi hazina mionzi, na za sindano hazina rangi ingawa watu huziita “rangi”. Hazibadilishi rangi ya mkojo. Ukiona mkojo mwekundu au wa kahawia iliyokolea, usijifariji kwamba ni dawa inatoka. Mweleze daktari.

Hatua ya 2: Nusu saa ya kwanza, usiondoke

Dawa ya iodini inapoingia, joto hupita kooni, likashuka kifuani hadi kinenani, na wengi huhisi kana kwamba wamejikojolea. Mdomoni huja ladha ya chuma. Hayo huisha ndani ya dakika moja au mbili. Ni kazi ya dawa kwenye mishipa ya damu, wala si mzio. Kichefuchefu cha ghafla, hata kutapika mara moja, mara nyingi ni cha aina hiyo hiyo. Vuta pumzi polepole, na ukiwa umelala geuza kichwa upande.

Mzio una sura nyingine. Mzio mkali huanza mara nyingi katika dakika 20 za kwanza, na karibu wote hujitokeza kabla saa moja haijaisha. Ndiyo sababu unaombwa ukae dakika 15 hadi 30. Kaa mahali wahudumu wanakuona. Kama uliwahi kupata mzio wa dawa hizi, omba kanula, ule mrija mdogo uliowekwa kwenye mshipa, isitolewe mpaka muda huo uishe: mshipa uliofunguliwa tayari huokoa dakika za thamani.

Sema papo hapo ukihisi lolote kati ya haya: mwasho unaoenea, mabaka yaliyovimba kwenye ngozi, midomo au kope kuvimba, koo kukaza, sauti kukwaruza, kikohozi kisichokatika, kifua kubana, moyo kwenda mbio, kizunguzungu. Usione haya, na usiende msalani peke yako. Watu wengi wakijisikia vibaya hukimbilia msalani wakajifungia, na huko ndiko presha ikishuka huanguka bila mtu kujua.

Hayo yakikukuta umeshatoka hospitali:

1. Lala chali na miguu iinuliwe. Kama kupumua ndiko kugumu, keti miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Mjamzito alalie ubavu wa kushoto. Anayetapika au aliyezimia alazwe ubavu.
2. Mtu apige simu ya dharura na ataje maneno “dawa ya kontrasti” pamoja na saa ya sindano.
3. Usisimame wala usitembee, hata ukijisikia nafuu. Damu imeshuka miguuni, na kusimama ghafla kunaweza kusimamisha moyo.
4. Tiba ni adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kwa mtu mzima wahudumu huchoma miligramu 0.5, na huweza kurudia baada ya dakika 5. Mwenye sindano yake ya kujichoma aitumie bila kungoja.

Vidonge vya mzio havichukui nafasi ya adrenalini. Hutuliza mwasho, lakini havipandishi presha iliyoporomoka wala havifungui njia ya hewa. Na aliyechomwa adrenalini abaki hospitalini kwa saa kadhaa, kwani dalili zinaweza kurudi dawa ikiisha nguvu.

Hatua ya 3: Kagua mkono

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo mgonjwa mwenyewe anaweza kufanya mengi, na ndipo makosa ya nyumbani yanapozidi.

Kanula ikichomoka ndani ya mshipa au mshipa ukipasuka, pampu huendelea kusukuma na dawa humwagika chini ya ngozi. Utahisi kuungua, kukaza au uzito mahali pa sindano. Hatari ni kubwa zaidi kwa wazee, watoto, waliotibiwa saratani kwa dawa za mishipani, na waliochomwa nyuma ya kiganja au kwenye kifundo cha mkono, ambako mishipa ni myembamba.

Fanya hivi. Vua pete, saa na bangili mara moja, kabla uvimbe haujazikamata. Inua mkono juu ya usawa wa moyo: ukilala uweke juu ya mito miwili, ukikaa uegemeze mahali pa juu. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kisha ondoa kwa saa moja, na urudie mara 3 au 4 kwa siku kwa siku moja au mbili. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, maana ngozi iliyovimba huungua kwa baridi upesi. Usiusugue mkono ukidhani unasambaza dawa, na usiufunge bandeji ya kubana.

Kisha chukua kalamu, chora mstari kuzunguka ukingo wa uvimbe na uandike saa pembeni yake. Utazame tena baada ya saa 1, saa 2 na saa 4. Uvimbe mdogo usiovuka mstari hunyonywa na mwili ndani ya siku moja hadi tatu.

Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, hasa mtu mwingine akikunyoosha vidole. Au vidole vimekufa ganzi, vimepoa, vimepauka au kuwa vya bluu. Au ngozi imetoa malengelenge au kuwa nyeusi. Jipime pia kwa ukucha: ubonyeze hadi uwe mweupe kisha uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, damu haifiki vizuri. Sababu ni kwamba misuli ya mkono imefungwa ndani ya utando usiotanuka, na maji yakijaa humo hukandamiza mishipa ya damu na ya fahamu. Huenda daktari wa upasuaji akalazimika kuufungua utando huo, na kila saa inayopotea ni msuli unaokufa.

Alama ya bluu pekee, bila uvimbe unaokua, ni damu iliyovilia na itafifia ndani ya wiki moja au mbili. Na kama siku ya pili au ya tatu unagusa kamba ngumu, nyekundu, inayouma kufuata mshipa, mshipa umewaka. Hapo inafaa joto badala ya barafu: kitambaa cha maji ya vuguvugu dakika 15, mara 3 kwa siku. Kukiwa na usaha au homa, usijitibu.

Hatua ya 4: Maji, na figo zako

Kwa mwenye figo nzima, nusu ya dawa ya sindano hutoka kwenye damu kwa takriban saa 2, na baada ya saa 24 karibu yote imekwisha kwenda. Maji hayafanyi muujiza. Yanarudisha ulichopoteza kwa kufunga na yanaweka mkojo ukitiririka. Kunywa glasi moja ya mililita 250 kila saa kwa saa 4 hadi 6 za mwanzo, halafu fuata kiu yako mpaka jumla ifike lita 2 hivi kesho yake. Usinywe lita nne au tano kwa mkupuo ukidhani unaharakisha usafi. Maji mengi mno kwa muda mfupi hushusha sodiamu ya damu, na mtu huanza kuumwa kichwa na kuchanganyikiwa.

Ushauri huu wa maji hauwahusu wenye moyo dhaifu, wenye ini lililojaza maji tumboni, wala walio kwenye usafishaji wa damu. Hao wabaki kwenye kiasi walichopangiwa na daktari wao.

Kwa saa 48 za kwanza, kama figo zako zina tatizo lolote, epuka ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Ukihitaji kutuliza maumivu, mtu mzima mwenye ini zima atumie parasetamoli, miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6, isizidi miligramu 4,000 kwa siku.

Metformini ya kisukari huchanganya wengi, hivyo isome sentensi hii taratibu. Kama kipimo chako cha uchujaji wa figo (kwenye majibu huandikwa eGFR) ni 30 au zaidi, figo hazijaumia hivi karibuni, na dawa ya iodini ilipita kwenye mshipa wa kawaida wa mkono, kwa kawaida unaendelea na metformini. Kama uchujaji uko chini ya 30, au figo zimeumia ghafla, au dawa ilipitishwa kwa mrija kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, metformini husimamishwa kuanzia wakati wa kipimo kwa saa 48, na hairudishwi mpaka damu ipimwe ionekane figo ziko salama. Hofu yenyewe si kwamba dawa hizo mbili zinagombana. Figo zikizembea, metformini hujikusanya na damu hujaa asidi. Insulini usiiache kwa kujiamulia, ila pima sukari mara nyingi zaidi siku hiyo kwa sababu ulifunga.

Walio na figo dhaifu waombe kipimo cha kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kati ya saa 48 na 72 baada ya dawa ya iodini. Ukipima mapema kuliko hapo, unaweza kuambiwa kila kitu ni sawa kumbe madhara hayajajitokeza. Dalili za kuangalia ni mkojo kupungua sana ingawa unakunywa, nyayo na uso kuvimba, kukosa pumzi, au kichefuchefu kinachorudi siku ya pili au ya tatu. Aliye kwenye usafishaji wa damu hahitaji zamu ya ziada kwa sababu ya iodini tu. Kwa gadolini ni vyema kipimo kipangwe karibu kabla ya zamu yake ya kawaida.

Hatua ya 5: Upele unaochelewa

Uko nyumbani, umelala vizuri, kesho yake kifua na mgongo vimejaa vipele vyekundu vinavyowasha. Kwa dawa za iodini mzio huu wa kuchelewa huja mara nyingi kati ya saa 3 na siku 2, na unaweza kuja hadi wiki nzima baadaye. Unaletwa na chembe za kinga zinazofanya kazi polepole, si zile zinazoleta mzio wa papo hapo. Kwa hiyo upele pekee siku ya pili hauna maana kwamba koo litafunga usiku.

Oga maji ya baridi kiasi, tumia sabuni isiyo na manukato, vaa nguo pana za pamba. Mtu mzima anaweza kumeza setirizini au loratadini ya miligramu 10 mara moja kwa siku; mwenye figo dhaifu amuulize mfamasia kwanza, maana kipimo chake cha setirizini ni kidogo zaidi. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, mara 2 kwa siku, inafaa sehemu ndogo zinazowasha sana. Antibiotiki haina kazi hapa. Piga picha ya upele kila siku kwenye mwanga ule ule, kwani ukifika kliniki siku ya tano huenda umeshafifia. Kwa kawaida huisha ndani ya wiki.

Mambo hubadilika kabisa ngozi ikianza kuuma badala ya kuwasha, ikitoa malengelenge au kuchubuka, ukipata homa, au vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri. Huo ni mzio wa nadra unaoweza kuua. Nenda hospitali bila kulala nao.

Wachache huvimba tezi za mate, pande zote mbili chini ya taya, saa au siku chache baada ya dawa ya iodini. Sura yake hutisha, ila huisha yenyewe kwa siku chache. Kinachohitaji msaada ni uvimbe unaozuia kumeza au kupumua.

Hatua ya 6: Kama ulikunywa dawa

Bariamu hufanya choo kiwe cheupe kwa siku moja hadi tatu, kizito na chenye kunata, hata kikagoma kushuka na maji ya choo. Utumbo mpana hunyonya maji yake, na kinachobaki hugeuka kigumu. Kunywa maji zaidi kwa siku 2, kula matunda na mboga, tembea. Ukimaliza siku 2 bila choo, ulizia dawa ya kulainisha. Tumbo likijaa, likiuma, na hata gesi haitoki, nenda hospitali. Usijilazimishe kwa dawa kali ya kuharisha, kwa kuwa huenda njia imeziba.

Dawa ya iodini ya kunywa hufanya kinyume: huvuta maji kuingia kwenye utumbo, na kuharisha kwa saa kadhaa ni kawaida. Rudisha maji kwa ORS. Ikivuka siku moja, tafuta sababu nyingine.

Hatua ya 7: Wiki zinazofuata

Mwenye uvimbe wa tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, achunguze mwili wake kwa miezi mitatu hivi baada ya dawa ya iodini. Mwili unahitaji iodini ya mikrogramu 150 tu kwa siku, na dozi moja ya CT huacha huru kiasi kinachozidi hapo mara nyingi sana. Moyo kwenda mbio, kutetemeka, jasho na kupungua uzito ni ishara ya tezi kufanya kazi kupita kiasi. Kipimo cha damu kitaonyesha. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, muulize daktari kama apimwe tezi hata bila dalili. Aliyepangiwa tiba ya iodini yenye mionzi amjulishe daktari kuhusu kipimo hiki, kwa kuwa tiba hiyo huenda ikaahirishwa kwa wiki kadhaa hadi miezi 2.

Aliyepewa gadolini huku figo zake zimechoka sana aripoti ngozi inayokaza na kuwa ngumu miguuni au mikononi, hata miezi ikiwa imepita. Ugonjwa huo umekuwa nadra sana tangu dawa zilizousababisha zaidi ziliposimamishwa au kuwekewa masharti.

Anayenyonyesha anaweza kuendelea. Chini ya asilimia 1 ya dozi huingia kwenye maziwa, na kati ya hiyo tumbo la mtoto hunyonya chini ya asilimia 1. Na kama una vipimo vya damu au mkojo visivyo vya haraka, ngoja saa 24: baadhi ya dawa hizi huharibu majibu ya maabara, na baadhi za gadolini huonyesha kalsiamu imeshuka kumbe haijashuka.

Hatua ya 8: Andika vizuri kwa ajili ya safari ijayo

Kama ulipata mzio, kadi yako iwe na jina kamili la dawa, kiasi, dalili ilianza baada ya muda gani, ilionekanaje na ilitibiwa kwa nini. Usikubali iandikwe “mzio wa iodini” peke yake. Iodini iko kwenye chumvi unayokula, na mwili haukatai iodini bali molekuli nzima ya dawa fulani. Hata anayedhurika na kamba au kaa wa baharini hudhurika na protini zao, na hilo halimkatazi CT yenye kontrasti. Jina likijulikana, daktari wa picha anaweza kuchagua dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo, na kubadilisha hivyo ni kinga nzuri. Akiongeza vidonge vya steroidi vya kumeza, vitaanza saa nyingi kabla ya kipimo, kwa hiyo toa taarifa siku ya kupanga miadi na si mlangoni.

Na kama kilichokupata ni joto, ladha ya chuma na kichefuchefu cha dakika mbili, kadi iseme hivyo hivyo, kisha ifuate: “si mzio.” Bila maneno hayo mawili, siku utakapohitaji picha ya haraka unaweza kucheleweshwa au kunyimwa dawa ambayo mwili wako unaivumilia.